Kompyuta Namba Tatu

Jumatano ile Mwalimu Yahaya aliwafundisha namna ya kuchora mtu anayepigwa.

"Ngumi haianzi mbele," aliwaambia, akiwa amesimama katikati ya chumba na mkono umekunjwa. "Inaanzia nyuma. Bega linarudi kwanza, kiuno kinajikunja, ndipo mkono unakuja. Msipochora huko kurudi nyuma, anayetazama haumii. Anaona mkono unapaa tu kama wa mwanasesere."

Aliwasimamisha Elisha na Obedi waigize ili wengine wachore. Elisha alikuwa kijana wa miraba minne kutoka Mpwapwa, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika. Mara mbili alipiga hewa, sawasawa na alivyoelekezwa. Kabla ya mara ya tatu Obedi akamtania kwamba anapiga kama mtu anayefukuza nzi, na Elisha akampiga kweli. Mdomo ukapasuka. Damu ikarukia karatasi ya Restuta, aliyekuwa amekaa mbele kabisa.

Mwalimu alifoka, Elisha akaomba radhi huku meno yote yako nje, Obedi naye akacheka akijifuta kwa kiganja. Restuta alicheka pamoja nao. Kisha akageuza karatasi upande wa pili na kuendelea kuchora, maana shingo ya Obedi ilivyogeuka ilikuwa nzuri mno kuachwa ipotee.

Walikuwa saba darasani. Chuo chenyewe, Michoro Hai, kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi la mzee Kaushik, kule Ipagala. Kwa miaka miwili walikuwa wamejifunza kutengeneza logo za maduka na vikundi, tovuti za watu wenye nyumba za wageni, na animesheni, ambayo ndiyo iliyowaleta wengi wao. Ijumaa ya wiki ile ilikuwa siku ya kuonyesha kazi za mwisho mbele ya wageni wenye ofisi zinazotafuta wachoraji.

Restuta alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Mama yake alilima mpunga Bahi, na kazi ya Restuta ilihusu mpunga huohuo: mwanamke na binti yake shambani, na kundi la ndege, kwelea, linalowashukia kama wingu. Dakika mbili tu. Lakini ndani ya dakika hizo mbili mlikuwa na michoro elfu moja mia nne na arobaini, yote ya mkono wake, miezi saba ya kukaa kitako mpaka kiuno kinawaka. Yote ilikaa ndani ya kompyuta namba tatu, kwa sababu ndiyo pekee iliyoweza kuibeba bila kuganda. Kila wiki mwalimu aliwaambia wanakili kazi zao pembeni. Restuta kila wiki alisema atanakili kesho.

Alhamisi saa nne asubuhi walishuka kunywa chai kwenye genge la ng'ambo ya barabara. Siku hiyo wote saba walivaa fulana za chuo, nyeusi, zenye kinyonga wa manjano mgongoni, maana walikuwa wapige picha za tovuti. Yule kinyonga alichorwa na Restuta. Upepo wa Septemba ulikuwa umeanza mapema, vumbi linaingia mpaka kwenye vikombe, kwa hiyo yeye na rafiki yake Brightness walikuwa wamejifunga vitambaa kichwani. Restuta alibeba stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu ya chuma. Walikubaliana wakimaliza chai wapige picha hukohuko nje, kisha Brightness akasema jua limekuwa kali, bora wapigie ndani.

Brightness ndiye aliyetangulia kuingia.

"Jamani, namba tatu iko wapi?"

Meza ilikuwa tupu. Nyaya zilikuwa zimelala juu yake, na palipokuwa pamekaa kompyuta palikuwa na umbo safi la mstatili katikati ya vumbi. Restuta alipatazama pale.

Elisha alikuwa ameshafika dirishani. "Yule pale! Yule wa ovaroli!"

Mwisho wa barabara alionekana mwanamume aliyevaa ovaroli ya bluu, kitu cha pembenne ndani ya kiroba begani. Alikuwa anatembea. Hakuwa anakimbia wala kuangalia nyuma. Baadaye Restuta alijiuliza mara nyingi mwizi gani anayetembea hivyo. Lakini wakati ule hakujiuliza chochote. Elisha alipiga kelele "Mwizi!" mpaka sauti ikapasuka, na wote saba wakateremka ngazi kama maji.

Neno lile likaenda mbele yao. Mama wa genge alilipokea, vijana wa duka la mabati wakalipokea, likakimbia barabara nzima kabla yao. Yule mtu alilisikia. Akasimama, akageuka nyuma, akaanza kutazama huku na huku. Naye alikuwa anamtafuta huyo mwizi.

Pale pembeni palikuwa na kijiwe cha bodaboda. Dereva mmoja, kijana mwembamba mwenye kofia nyekundu, alinyanyua mguu tu kutoka kwenye pikipiki yake na kumkanyaga yule mtu nyuma ya goti. Akaanguka. Kiroba kikaruka, kikagonga ukingo wa mtaro, na ndani yake kukasikika mlio wa bati linalokunjika na kitu kingine chembamba kinachokatika.

Restuta aliusikia mlio ule vizuri kuliko kelele zote. Miezi saba.

Wakaanza. Wa kofia nyekundu alimpiga teke la mbavu, mwenzake akamkanyaga mgongoni. Elisha alifika akiwa amepandwa na hasira, akamwinua kwa ukosi wa ovaroli na kumpiga kichwa usoni, pua ikafumuka. Watu walizidi kuja. Alikuja mtu na ubao wenye misumari, akaja mwanamke na kiatu chake mkononi, akaja mzee mmoja ambaye hakuuliza lolote, alitema mate kisha akapiga kwa fimbo. Hapakuwa na bega linalorudi nyuma wala kiuno kinachojikunja. Mikono ilikuwa inashuka tu, ya huyu juu ya ya yule, na pigo moja halikungoja jingine liishe.

Restuta alijikuta ndani ya duara. Stendi ilikuwa mkononi. Alipiga mgongo wa yule mtu, na mtetemo wa chuma ukampanda mpaka kiwikoni. Ilimwingia raha. Hilo ndilo alilolionea aibu baadaye kuliko mengi: ilimwingia raha, kama mtu aliyekohoa kitu kilichokuwa kimemkaba. Yule mtu aliweka mikono juu ya kichwa. Restuta akapiga tena, chuma kikatua juu ya mkono wa kulia, na vidole vikalia kama vijiti vikavu.

Mtu yule akageuza uso. Huenda alipoona ni msichana alidhani amepata wa kumwokoa. Jicho moja lilikuwa limeshafunga. Akafungua mdomo, damu ikatangulia, kisha maneno.

"Dada, mwalimu kanituma. Mwalimu Yahaya."

Aliyasema kwa sauti ya chini, kwa sababu hakuwa na pumzi. Elisha alikuwa anapiga kelele, bodaboda wanapiga kelele, mtu mmoja alikuwa ameshika simu juu anarekodi. Hakuna aliyesikia. Restuta alisikia. Alisikia neno "mwalimu", akasikia na jina, akalielewa lote.

Stendi ilikuwa juu. Angeweza kuishusha pembeni, nafasi ilikuwepo. Aliishusha tayani.

Brightness alimvuta fulana kwa nyuma. "Restuta, acha! Muacheni, mtamuua!" Akamvuta mpaka kitambaa cha bega kikachanika. Restuta akatoka kwenye duara akirudi kinyumenyume, anahema.

Ndipo tairi likaja. Hakujua limetoka wapi. Lilionekana tu likibingirishwa katikati ya watu, tairi kuukuu la gari dogo. Wa kofia nyekundu alikuwa amechuchumaa kwenye pikipiki yake, amechomoa mpira wa mafuta, anakinga petroli kwenye chupa ya maji. Alikuwa anakinga kwa utulivu, kama mtu anayejaza maji ya kunywa. Akaja akammwagia yule mtu kichwani na kifuani. Yule mtu alipiga kelele pale kwa mara ya kwanza, petroli ilipoingia kwenye majeraha.

"Kiberiti!" Elisha alisema. "Nani ana kiberiti?"

Mwalimu Yahaya alikuwa ametoka mjini kuchukua karatasi za ratiba zilizochapishwa. Alishuka kituoni, akaona watu, akaona kiroba kimepasuka kando ya mtaro na kompyuta iliyoandikwa namba tatu kwa mwandiko wake mwenyewe. Akazitupa ratiba. Alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani, mtoto wa Kondoa asiyejua kugombana, lakini aliingia kwenye lile kundi kwa kichwa kama fahali. Alipofika katikati hakujaribu kumsukuma mtu. Alijitupa juu ya yule aliyelala, akamfunika.

"Ni fundi wangu!" alipiga kelele. "Ni mimi niliyemtuma! Mimi!"

Watu hawakusikia mara moja. Jiwe lilimpiga nyuma ya sikio. Ubao wa misumari ulitua begani mwake na kubaki umening'inia kwenye koti. Mtu fulani akasema huyu naye ni mwenzake, na wa kofia nyekundu akammwagia mgongoni petroli iliyosalia. Njiti ya kwanza iliwashwa. Upepo ukaizima. Restuta aliona mkono ukitoa njiti ya pili.

Mlipuko uliosikika ulikuwa wa mzee Kaushik. Alikuja akikimbia na ndala, tumbo mbele, wapakiaji wake wawili nyuma yake wameshika machepe, na yeye mwenyewe amekumbatia mtungi mwekundu wa kuzimia moto kutoka dukani. Aliubonyeza, na wingu jeupe likawalipukia watu usoni. Wakakohoa, wakajishika macho, wakagongana. Alizunguka duara zima akiwanyunyizia kama mtu anayepulizia mdudu, na wapakiaji wakawa wanapiga machepe chini, kwaa, kwaa, wakikaribia. Pikipiki zikawashwa na kuondoka. Ndani ya dakika moja barabara ilikuwa nyeupe na tupu, imebaki viatu, tairi, na karatasi za ratiba zinazoburutwa na upepo.

Elisha hakuwepo. Wanafunzi wengine walikuwa wamesimama ukutani. Restuta alikuwa amesimama palepale alipokuwa, stendi mkononi, unga mweupe umemjaa kope.

Mwalimu Yahaya aliinuka kwa magoti. Damu ilikuwa inamchuruzika shingoni. Akamtazama Restuta, akaitazama stendi.

"Niliandika kwenye kundi," alisema. "Niliwaandikia."

Restuta alitoa simu. Ujumbe ulikuwepo, umetumwa saa tatu na dakika hamsini na mbili, walipokuwa wanajiandaa kushuka: *Fundi Gerson anakuja kuchukua namba tatu, feni inagoma, sitaki ituzimikie kesho. Mpeni ushirikiano. Msihofu, kazi zenu zote nimeshazinakili jana.*

Aliusoma mara mbili. Kisha akakaa chini barabarani.

Gerson Malogo hakufa. Taya lilivunjika sehemu mbili, mbavu mbili, na vidole vitatu vya mkono wa kulia, vilevile alivyokuwa anashikia waya wa kuchomelea. Mwalimu alishonwa nyuzi tisa. Maonyesho ya Ijumaa hayakufanyika.

Video ilianza kutembea jioni ileile. Sekunde arobaini. Nyuso zilikuwa zinatikisika, huwezi kumjua mtu. Lakini aliyerekodi alikuwa nyuma ya wanafunzi, na katikati ya vumbi lote yule kinyonga wa manjano alionekana safi kabisa. Siku Restuta alipomchora, mwalimu alimsifu mbele ya darasa kwamba alama yake ni nzuri kwa sababu hata ikiwa ndogo kama punje, hata kwa mbali, inatambulika. Na ilitambulika. Kulikuwa na kinyonga mmoja kwenye mgongo mpana wa mvulana, na mwingine kwenye mgongo wa msichana mwenye kitambaa kichwani, ananyanyua chuma na kushusha, ananyanyua na kushusha.

Ijumaa mchana Elisha alimpigia Restuta simu kwa namba asiyoijua.

"Itupe ile fulana," alisema. "Na hiyo stendi."

"Uko wapi?"

"Usiniulize niko wapi. Sikiliza, Restuta. Kila mtu alipiga. Ukipiga na watu mia, hujapiga wewe. Ukiulizwa, ulikuwa unaamua ugomvi."

"Elisha, yule kaka hakuwa mwizi."

"Sisi tungejuaje? Si hakusema kitu?"

Restuta alikata simu.

Jumamosi asubuhi askari walikuja kwenye chumba alichopanga pamoja na Brightness. Walikuwa wawili, na picha ya ile video kwenye simu. Watu wa mtaani walikuwa wamewaambia msichana mwenyewe ni mrefu. Brightness alikuwa mrefu. Walimtaka avae fulana yake, wakamgeuza, wakatazama picha, wakamtazama.

"Afande, mimi nilikuwa navuta watu," Brightness alisema. "Mwulizeni huyu. Restuta, waambie."

Restuta alifungua mdomo. Akasema, "Ni kweli, alikuwa anatuvuta."

"Anawavuta akina nani?"

Hapo akanyamaza. Alinyamaza huku Brightness akimtazama, akanyamaza walipomfunga pingu, akanyamaza gari lilipowaka. Brightness alikuwa amevaa hereni sikio moja tu. Ile nyingine ilikuwa imebaki mezani, karibu na kioo. Restuta alishinda ameitazama.

Jumapili, kengele za kanisa zikilia, alitembea kwa miguu hadi kituoni. Ile stendi aliibeba ndani ya mfuko wa salfeti. Aliyempokea alikuwa askari wa kike wa makamo aliyeitwa Afande Hilda.

"Shikamoo afande. Mnayemtafuta ni mimi."

Walimleta Brightness kutoka mahabusu ili waandike maelezo yake upya. Shavu lilikuwa limevimba. Mwanamke mmoja ndani alimpiga wakigombea blanketi. Alipomwona Restuta alimsogelea akampiga kofi moja la nguvu, Afande Hilda akajifanya anatafuta kalamu. Kisha Brightness akatoka nje, na huo ndio ukawa mwisho wa urafiki wao.

Afande Hilda aliandika polepole, kwa mwandiko wa duara. Alimwuliza pigo la kwanza lilitua wapi, la pili wapi. Restuta alijibu yote.

"Kabla ya la tatu, majeruhi alisema chochote?"

Mlangoni kulikuwa na upepo unaosukuma komeo. Restuta alijua kwamba hapo ndipo pa kutokea. Hakukuwa na shahidi. Video haikuwa na sauti ya kueleweka. Angesema hakusikia, na kila mtu angemwamini, kwa sababu hakuna mtu ambaye angependa kuamini vinginevyo.

"Alisema, 'Dada, mwalimu kanituma. Mwalimu Yahaya.'"

Kalamu ikasimama. "Ulisikia baada ya kumpiga?"

"Kabla."

"Una hakika ulielewa? Maana mtu katika hali ile..."

"Nilielewa, afande."

Afande Hilda aliweka kalamu mezani. "Binti, unajua neno hilo litakufanya nini mahakamani?"

"Najua."

"Niliandike?"

"Andika."

Kesi ilisikilizwa Januari, mvua zimeshika. Restuta alikubali kosa. Mama yake alikuja kutoka Bahi na gauni la kanisani, akakaa nyuma kabisa. Gerson alikaa mbele na mke wake, Emilia. Restuta hakuwa amemwona tangu siku ile. Alikuwa mtu mdogo kuliko alivyomkumbuka, wa miaka thelathini na kitu, taya limekaa upande. Mkono wa kulia aliuweka pajani kama mzigo wa mtu mwingine.

Wakili wa serikali alisoma maelezo ya kosa kwa sauti ya kuchoka. Alipofika pale, alisoma kama alivyosoma pengine pote: kwamba kabla ya pigo la tatu majeruhi alimwambia mshtakiwa kwamba ametumwa na Mwalimu Yahaya, na kwamba mshtakiwa alimsikia na kumwelewa.

Gerson akasimama. "Nilisema?"

"Kaa chini," karani alimwambia.

"Mheshimiwa, samahani. Anasema mimi nilisema?"

Hakimu, mwanamama mwenye miwani ya kamba, aliinua macho. Labda ni ile sauti iliyomfanya asimkatishe. Ilikuwa inatoka kwa shida, maneno yanapitia upande mmoja wa mdomo.

"Mimi sikumbuki, mheshimiwa. Nakumbuka nimeanguka, halafu nakumbuka petroli. Katikati pametoka. Miezi minne sasa kila mtu ananiuliza, wewe Gerson, kwa nini hukujitetea? Si ungesema tu umetumwa? Baba yangu ananiuliza. Huyu mke wangu ananiuliza. Nami nikadhani kweli, nilikaa kimya. Nilijiona mjinga. Nilidhani nimejikosesha mkono wangu mwenyewe."

Emilia alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika.

Gerson akamgeukia Restuta. Hakukuwa na huruma usoni mwake. "Kwa hiyo nilisema. Na wewe ulisikia."

"Ndiyo, kaka."

"Usiniite kaka. Ulisikia, ukanipiga hapa." Alijigusa tayani.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Hakimu angeweza kuwanyamazisha. Hakufanya hivyo. Restuta alishika ukingo wa kizimba.

"Kompyuta ilikuwa imeshavunjika," alisema. "Nilikuwa nimeshakupiga mara mbili. Niliona kama wewe si mwizi, basi mimi ndiye mbaya, na sikutaka. Nikapiga ili uwe mwizi."

Nyuma, mama yake alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa na mwiba. Gerson aliendelea kusimama kidogo, anapumua kwa mdomo. Kisha akakaa. Akamwinamia Emilia, akamwambia neno ambalo Restuta hakulisikia, na Emilia akaushika ule mkono wa kulia, akaushika kwa mikono yake yote miwili.

Hakimu alimpa miaka miwili.

Gerezani alipigwa mara mbili na kupiga mara moja, wiki ya kwanza, kwa ajili ya ndoo. Baada ya hapo aliomba kazi ya bustani na hakumgusa tena mtu. Hakuchora. Mwalimu Yahaya alikuja kumwona kila mwezi, isipokuwa mwezi wa Ramadhani. Alileta sabuni na habari. Chuo kilifungwa miezi mitatu kikafunguliwa tena, chenye wanafunzi wanne. Brightness alipata kazi ya tovuti kwenye kampuni moja mjini. Elisha alikamatwa Manyoni, nyumbani kwa mjomba wake, akafungwa miaka mitano. Wa kofia nyekundu hakuonekana. Kila mara mwalimu aliondoka bila kumwambia kwamba amemsamehe, na Restuta hakuuliza.

Alitoka baada ya miezi kumi na sita, mwezi Mei, akaenda moja kwa moja Bahi. Mpunga ulikuwa umeiva. Alivuna na mama yake, wakafukuza kwelea kwa kupiga madebe. Watu wa pale walijua, na wengine walihamisha watoto njia alipopita. Alizoea.

Julai simu iliita. Sauti ya mwanamke, ngumu.

"Mimi ni Emilia, mke wa Gerson. Namba nimepewa na mwalimu wako."

Restuta akaweka mundu chini. "Shikamoo, dada."

"Wamempata yule wa kofia nyekundu. Alikuwa Singida, anaendesha bajaji. Anakana kila kitu, anasema hakuwepo. Ile video inaisha kabla hajafika na petroli. Wale wa mtaani wote hawakuona, kila mmoja alikuwa amegeuka upande. Wewe ulimwona?"

"Nilimwona. Nilimwona akikinga."

"Utasema?"

"Nitasema."

"Basi njoo tarehe kumi na tisa, saa tatu. Na usifikiri tumekuwa ndugu."

"Sifikiri hivyo."

Alipanda basi la alfajiri akafika mapema. Ukumbi wa nje wa mahakama ulikuwa na benchi moja, na Gerson alikuwa ameshakaa. Mkononi, ule wa kushoto, alikuwa na bisibisi ndogo. Alikuwa amefungua mgongo wa simu ya karani na kuiegemeza gotini, anaitengeneza huku akisubiri. Ulimi ulitokeza kidogo pembeni ya mdomo. Skrubu ilimponyoka mara mbili, mara mbili akaiokota.

Restuta alisimama ukutani. Baada ya kitambo Gerson, bila kuinua macho, aliuvuta mfuko wake wa vifaa kutoka upande wa pili wa benchi na kuuweka chini, miguuni pake. Hakusema kaa wala usikae. Restuta alikaa mwishoni kabisa.

Ndani, mtu aliletwa na askari. Mlango ulipofunguka Restuta alimwona yule wa kofia nyekundu: amenenepa, hana kofia, ameshika Biblia ndogo ambayo bila shaka aliazimwa. Naye alimwona Restuta, na uso wake ukabadilika.

"Ananitisha kwa macho," Restuta alisema polepole, kama anajisemea.

"Mwache atishe," Gerson alijibu, bado ameinamia simu.

Karani akatoka, akasoma jina lake kutoka kwenye karatasi, la baba na la ukoo. Restuta aliinuka, akanyoosha gauni, akaingia. Alipoapishwa, wakili alimwambia aieleze mahakama alikuwa wapi siku ile na alikuwa anafanya nini. Restuta alimtazama mtu wa kizimbani, kisha akamtazama hakimu, na akaanza na mapigo yake mwenyewe, la kwanza mgongoni.